Barua ya mkono ya Saint-Saëns: namna ya kuikagua, kuisoma na kuitafutia tarehe

Karibu kila mwezi naletewa swali moja, na huja na picha moja tu. Mtu kaona barua inauzwa mtandaoni, au kaikuta imebanwa ndani ya kitabu cha noti za piano alichonunua mtumba, basi anapiga picha kona ya chini palipoandikwa "C. Saint-Saëns" na kuuliza: hii ni yake kweli? Nami humjibu kwa ombi: niletee kurasa zote, mbele na nyuma, kisha tuzungumze. Saini ni herufi chache, na mwigaji alishazifanyia mazoezi. Kuiga barua nzima, pamoja na karatasi yake, tarehe yake na adabu zake, ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo hapa saini itakuja karibu na mwisho.

Nimemshika Camille Saint-Saëns kwa sababu, kati ya watunzi wakubwa wa Ufaransa, barua zake hukutwa sokoni mara nyingi. Alizaliwa Paris tarehe 9 Oktoba 1835 na kufia Algiers tarehe 16 Desemba 1921. Katika miaka hiyo 86 alikuwa mpiga ogani wa kanisa la Madeleine, mpiga piano, mwalimu wa Gabriel Fauré, mtunzi wa Samson et Dalila na Le Carnaval des animaux, na msafiri asiyetulia. Mtu wa namna hiyo, zama ambazo simu haijaenea, anaandika asubuhi, mchana na jioni. Nyingi ni vijikaratasi vifupi: samahani sitafika, asante kwa tiketi. Hatua hizi zitakufaa pia kwa watunzi wenzake Gounod na Massenet, au Fauré mwenyewe. Utabadilisha anwani na miaka tu.

Vitu vya kuwa navyo

- Barua yenyewe, au picha safi za pande zote. Kama kuna bahasha, nayo iwepo.
- Kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa au cha muuza vito. Kinachokuza mara 10 kinatosha.
- Ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani.
- Rula, penseli na daftari. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo.
- Simu yenye kamera, na kalenda inayoweza kurudi nyuma hadi miaka ya 1800.
- Kamusi ya Kifaransa, au mtu anayekijua. Mwenzako aliyesoma Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi atakusaidia sana, ingawa naye ana mitego yake, tutaifikia.
- Barua za kulinganishia ambazo hazina shaka. Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, inafunguliwa bure.

Glovu za pamba usinunue. Zinakuondolea hisia vidoleni, na karatasi kuukuu huchanika kwa mtu asiyeihisi. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, basi.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa sana

Weka barua juu ya meza safi karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja. Zima mwako wa kamera. Piga kila ukurasa ukiwa na rula pembeni ili vipimo vionekane. Kisha piga tena mwanga ukitokea ubavuni, simu ikiwa juu: hapo mikunjo, mikwaruzo na sehemu zilizofutwa hujitokeza kama matuta ya mchanga.

Barua nyingi za wakati ule ni karatasi moja iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne. Usidhani zinasomwa 1, 2, 3, 4. Wengine waliandika ukurasa wa 1, wakarukia wa 3, ndipo wakarudi wa 2. Nafasi ikiisha, maneno ya mwisho hupandishwa kwa wima kwenye ukingo wa ukurasa wa kwanza. Kabla ya kulalamika kwamba barua haina mwisho, izungushe.

Hatua ya 2: Jua ni kitu cha aina gani

Wauzaji wa Ufaransa hutumia vifupisho, na pesa nyingi hupotea kwa kutovijua. "L.A.S." ni barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa saini. "L.S." ni barua iliyotiwa saini tu, maandishi ni ya mtu mwingine, labda katibu. "C.A.S." ni kadi ya namna ya kwanza. "S.d." maana yake haina tarehe, na "s.l." haina mahali. Herufi A ikikosekana, thamani inashuka, na picha ya saini pekee haiwezi kukuonyesha kwamba imekosekana.

Kuna pia kadi ya jina iliyoandikwa mistari miwili mitatu kwa mkono. Hiyo mara nyingi haina saini kwa sababu jina limeshachapwa. Si kasoro.

Hatua ya 3: Hakikisha ni wino, si chapa

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Majarida na vitabu vya zamani vilichapa nakala za barua za watu maarufu, mstari kwa mstari. Karatasi ni kuukuu kweli, maneno ni yake kweli, lakini mkono wake haukuigusa karatasi hiyo.

Chukua kioo, ufuate mstari mmoja wa maandishi toka kushoto hadi kulia bila kuusoma. Kalamu ya kuchovya ina mapigo yake: wino umekolea, unafifia neno baada ya neno, halafu unakolea ghafla. Hapo kalamu imerudi kidauni. Mahali alipokandamiza, ncha ya chuma hupanuka na kuacha mifereji miwili myembamba yenye wino hafifu katikati. Panapokutana mistari miwili kabla wino haujakauka, utaona kidimbwi. Geuza karatasi: penye mkandamizo pana alama upande wa pili. Nakala ya chapa haina hata kimoja cha hivi. Weusi wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho, au una vitone.

Rangi ya kahawia isikutishe wala isikufurahishe mno. Wino wa chuma uliotumika sana wakati huo ulikuwa mweusi ukageuka kahawia kadiri miaka ilivyopita, lakini kahawia inaweza pia kununuliwa dukani leo.

Hatua ya 4: Iulize karatasi

Inyanyue kwenye mwanga utafute alama ya maji, ile chapa hafifu ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Kisha zima taa za chumba na uwashe ile taa ya noti. Karatasi ikitoa mng'ao mkali wa samawati kama shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina dawa ya kung'arisha iliyoenea kwenye karatasi miaka ya 1950 na kuendelea. Saint-Saëns alikuwa kaburini Montparnasse tangu 1921. Mjadala umekwisha.

Isipong'aa, hujathibitisha lolote. Mwigaji mwenye akili hukata kurasa tupu za vitabu vya kale. Kwa hiyo jihadhari na barua ya karatasi moja isiyo na mkunjo wowote, yenye ukingo mmoja uliokatwa juzi. Barua iliyosafiri kwa posta ilikunjwa ili iingie kwenye bahasha.

Ukikuta ukingo mweusi kuzunguka karatasi, hiyo ni karatasi ya msiba. Wanaoanza hukimbilia kusema: mama yake, Desemba 1888. Polepole. Mwaka 1872 alifiwa na bibi Charlotte Masson aliyemfundisha piano utotoni, na 1878 alizika wanawe wawili wadogo ndani ya wiki chache. Ukingo mweusi unakuambia kuna msiba. Ni msiba gani, utasubiri hatua ya 6.

Hatua ya 5: Nakili neno kwa neno

Usianze kutafsiri. Andika kwa penseli kila unachokiona, mstari wa daftari ukilingana na mstari wa barua, na pasiposomeka weka mabano matupu. Usirekebishe tahajia.

Anza na maneno unayoyajua lazima yawepo: "Monsieur" (Bwana), "Cher ami" (rafiki mpendwa), "Veuillez agréer" (tafadhali pokea), jina la mwezi. Kutoka humo utajua anavyoandika "r" yake na "s" ya mwisho wa neno, kisha uende nazo kwenye maneno magumu. "U" na "n" hufanana. Kijistari cha "t" huruka kikakaa juu ya herufi ya jirani. "Vous" hufupishwa "vs", "nous" huwa "ns".

Nambari pia. 1 ya Kifaransa ina mkono mrefu unaopanda hadi kufanana na 7 yetu. 7 yao hukatwa kiunoni.

Hatua ya 6: Tafuta tarehe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayowaangusha waigaji wengi. Saint-Saëns, kama watu wengi wa enzi yake, angeweza kuandika "Jeudi" (Alhamisi) tu, au "Jeudi 4 mai", bila mwaka. Mpokeaji alijua ni mwaka gani.

Kwanza, vifupisho vya miezi. "7bre" si mwezi wa saba. Ni Septemba, kwa sababu "sept" ni saba. "8bre" ni Oktoba, "9bre" ni Novemba, "Xbre" ni Desemba. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni mbili nikitafuta tamasha la Julai ambalo halikuwepo, kumbe barua ilikuwa ya Septemba. Kwa sisi tuliozoea kusema mwezi wa saba, mtego huu unanoga zaidi.

Pili, siku ya juma. Tuchukue mfano wa mazoezi: barua ina "Jeudi 4 mai", Alhamisi tarehe 4 Mei. Fungua kalenda urudi nyuma. Kati ya 1860 na kifo chake, tarehe 4 Mei iliangukia Alhamisi mwaka 1865, 1871, 1876, 1882, 1893, 1899, 1905, 1911 na 1916. Tisa tu. Ukihesabu kwa vidole, kumbuka kila mwaka husogeza siku moja na mwaka mrefu, wa siku 366, husogeza mbili, na kwamba 1900 haukuwa mwaka mrefu. Wengi hukosea hapo.

Tatu, anwani. Juu ya barua yetu ya mazoezi pameandikwa "14, rue Monsieur-le-Prince". Saint-Saëns alikaa nyumba hiyo ya Paris kuanzia 1877 hadi 1889. Rudi kwenye ile miaka tisa: unaobaki ni 1882 peke yake. Dakika kumi, bila mtaalamu.

Na kama pangekuwa na neno "Paris" tu? Bado ungepunguza. Mwaka 1871 unatoka: Mei ile Paris ilikuwa mikononi mwa Komyuni, serikali ya wanamapinduzi wa jiji, na yeye alikuwa amekimbilia London. Bahasha ikiwa na "Membre de l'Institut" chini ya jina lake, iliyo kabla ya 1881 inatoka, maana alichaguliwa mwaka huo kuingia Akademia ya Sanaa, ambayo ni sehemu ya Institut hiyo.

Nne, kazi zinazotajwa. Hapa nenda kwa tahadhari. "Samson" haikupi mwaka peke yake: opera hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Weimar, Ujerumani, tarehe 2 Desemba 1877, lakini jumba la Opera la Paris liliipokea 1892 tu, na muda wote huo alikuwa akiiandikia barua. Afadhali jambo lenye mahali na msimu. Konsato yake ya tano ya piano, kwa mfano, aliiandika Luxor, Misri, mapema 1896, na kuipiga Paris tarehe 2 Juni mwaka huo huo. Barua ya mapema 1896 isemayo yuko nyumbani Paris mwezi mzima inahitaji maelezo.

Tano, muhuri wa posta. Unasaidia ikiwa bahasha ni ya barua ile. Pima: mikunjo ya barua iingie ndani ya bahasha bila kulazimisha. Ukikuta karatasi ya samawati iliyokunjwa ikajifunga yenyewe bila bahasha, huenda ni "petit bleu", ujumbe uliorushwa kwa hewa ndani ya mabomba chini ya Paris. Umma uliruhusiwa kuitumia kuanzia 1879, na ilifika siku ile ile, ndiyo maana mwandishi huandika "leo saa tatu" na kunyamaza.

Hatua ya 7: Tafsiri, ukijihadhari na maneno ya kazi yao

Sasa wenzetu wa Burundi na Kongo. Aliyefanya mtihani kwa Kifaransa akiona "épreuves" anasoma mitihani. Kwa mtunzi, "épreuves" ni kurasa za majaribio kutoka kwa mchapaji, anazosahihisha kabla kitabu cha noti hakijatoka. Akimwandikia mchapaji wake, Durand, neno hili litakuwepo tu.

"Répétition" ni mazoezi ya okestra. "Partition" ni kitabu cha noti za vyombo vyote pamoja, si mgawanyo. "Parties" ni karatasi za kila mpigaji peke yake. "Réduction" ni muziki wa okestra ulioandikwa upya kwa piano. Hakuna kilichopunguzwa bei. "Mesure" ni kipande kimoja kati ya mistari miwili ya noti, na "toucher" mbele ya kiasi cha faranga ni kupokea pesa, si kugusa.

Adabu za mwisho nazo usizitafsiri kwa uzito wa maneno. "L'assurance de mes sentiments distingués" ni kama "wako mtiifu" ya barua zetu za ofisini. Hisia hazimo. "Je vous serre la main", nakushika mkono, ndiyo ya rafiki.

Hatua ya 8: Nani anamwandikia nani?

Inaonekana swali la kipuuzi, lakini barua alizoandikiwa Saint-Saëns huuzwa kama alizoandika yeye. Jina lake linaonekana, muuzaji hajui Kifaransa, basi. Ikianza na "Cher Maître", yaani bwana mkubwa mpendwa, simama: watu walimwita yeye hivyo. Naye angeweza kumwita hivyo mkubwa wake, kwa hiyo soma hadi chini.

Kumbuka pia barua hukaa kwa aliyeipokea. Saint-Saëns aliukabidhi mji wa Dieppe, Normandie, upande wa ukoo wa baba yake, vitu vyake vingi, na makumbusho yakafunguliwa huko 1890. Huko nenda ukatafute walichomwandikia wengine. Alizoandika yeye zimetawanyika kwa wapokeaji wake.

Hatua ya 9: Sasa tazama saini

Iweke kando ya barua mbili tatu zisizo na shaka za miaka ile ile uliyoipata. Usilinganishe ya 1865 na ya 1915. Mkono wa kijana na wa mzee wa miaka 80 si mmoja. Angalia mwendo: je, imeandikwa kwa kasi ile ile ya barua, au imepunguza mwendo kama mtu anayechora? Nukta mbili juu ya "e" zipo? Na ikilingana na nyingine hadi kwenye unywele, hilo ni baya, si zuri. Hakuna mtu anayetia saini mbili zinazolaliana.

Hatua ya 10: Hifadhi

Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi, mbali na jua na jikoni. Ukikaa Tanga, Mombasa au Zanzibar, unyevu ndio adui wako wa kwanza na mchwa wa pili. Boksi liwe juu ya kabati, si sakafuni. Usiilaminishe. Usiibandike selotepu. Mfuko laini wa plastiki wa kalenda za bei rahisi hunata na wino.

Ukitaka kuweka picha yake mtandaoni, na barua si yako, omba kwanza. Maneno ya Saint-Saëns hayana tena ulinzi wa hakimiliki, lakini kwa barua ambayo haijawahi kuchapishwa, sheria ya Ufaransa humpa mwenye karatasi anayeitoa kwa mara ya kwanza haki ya miaka 25.

Ukikwama

*Neno moja limegoma.* Liache hadi kesho, kisha litazame kichwa chini. Jicho likiacha kusoma, linaanza kuona maumbo.

*Wino umefifia kabisa.* Piga picha, ongeza utofauti wa mwanga na giza kwenye simu, kisha jaribu rangi moja moja. Mara nyingi ile ya buluu huonyesha zaidi. Usipake kitu chochote kwenye karatasi.

*Siku na tarehe havilingani na mwaka wowote unaowezekana.* Watu hukosea tarehe, hasa mwanzo wa Januari. Lakini soma upya nambari kabla ya kumlaumu marehemu: ile 1 huenda ni 7.

*Mwandiko ni wake, jina si lake.* Majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890 alijificha Las Palmas, visiwa vya Kanari, akijiita Charles Sannois, huku opera yake Ascanio ikifunguliwa Paris bila yeye. Usiitupe barua hiyo.

*Muuzaji hataki kutuma picha ya nyuma.* Usinunue.

*Barua inasema mambo makubwa mno.* Kijikaratasi cha kuahirisha chakula cha jioni ni rahisi kukiamini. Barua ambayo mtunzi anaeleza siri ya kila kazi yake, tena kwa ukurasa mmoja, ikaguliwe mara mbili. Denis Vrain-Lucas alimuuzia mwanahisabati Michel Chasles maelfu ya barua bandia, zikiwemo za Kleopatra kwa Kaisari, zote kwa Kifaransa, na msomi yule alilipa. Mahakama ya Paris ilimfunga Vrain-Lucas miaka miwili mwaka 1870.